Kabati Juu ya Miguu Mirefu

Nakutegea, na usijibu kwa pupa. Mzee wangu ana matumbo sita, amekula chuma tangu ujana wake, wala hajaumwa tumbo hata siku moja. Ni nani huyo?

Ng'ombe siye, maana ng'ombe chakula chake ni majani. Treni siyo, treni haili chuma, inakikanyaga tu. Umeshindwa? Basi nipe mji. Haya, umenipa, nimeingia, nimekalia kiti cha mwenye mji na kuku wake nimewamaliza. Jibu ni kabati la spana. Kila droo ni tumbo, na ukitaka atapike sharti umvute mdomo.

Kabati lenyewe lilikuwa la Fundi Jeki. Lilikaa kwenye gereji iliyojengwa ubavuni mwa nyumba yake, chini ya paa la mabati, mgongo wake kwenye ukuta wa tofali. Rangi nyekundu ilikuwa imebaki pembeni tu. Kwingine kote zilikuwa alama za vidole vya grisi. Lilikuwa kabati fupi, pana, zito kama deni la ukoo. Ukitaka droo ya juu unainama kidogo. Ukitaka ya chini, penye nyundo na soketi kubwa za kufungulia nati, unapiga magoti. Mwenye kiuno kizima haoni shida. Lakini kiuno cha Jeki kilikuwa kimeshagoma.

Jina hilo alipewa na wateja zamani, siku alipoinua nyuma ya gari dogo kwa mikono yake ili mwenzake avue gurudumu. Jina likabaki, nguvu zikaenda zao. Siku hizi akiinama, kiuno kinakamata kama nati yenye kutu, naye anabaki palepale, kichwa chini, mpaka mtu amnyanyue au maumivu yenyewe yachoke.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Aliyejua habari ya kiuno kile ni mkewe peke yake. Wateja wao waliona hivi: unaleta gari, Jeki anasikiliza injini, anauliza maswali mawili matatu, anafunga geti, anakwambia urudi jioni. Jioni unakuta gari linanguruma vizuri. Watu wakasema fundi yule ana wivu na ujuzi wake, hataki kuchunguliwa. Kumbe geti likishafungwa, mkewe anavaa ovaroli, anatandika kipande cha boksi chini ya gari na kulala chali, na Jeki anakaa kwenye stuli kumwelekeza. Mwanzoni alimwelekeza nati kwa nati. Siku hizi alikuwa hajamaliza kusema, mkewe ameshafungua. Geti likifunguliwa, mkewe yuko jikoni, mikono ameisugua kwa sabuni ya unga, na wateja wanamwita, "Mama, hebu tupatie maji ya kunawa."

Naye anawapa.

*

Magari yaliyoiweka nyumba ile mjini yalikuwa ya kiwanda cha mikate. Wateja wengine walikuwa wa kupita: leo yuko, kesho ameona kwingine. Magari ya mkate yalikuja kila wiki, na aliyeyaleta au kuyafuatilia ni Msimamizi, mtu mnene kidogo, mpole, mwenye kupenda mzaha na kalamu sikioni ingawa hakuna aliyewahi kumwona akiandika.

Siku moja Msimamizi akaja bila kupiga simu. Geti lilikuwa wazi. Akamkuta Jeki mbele ya kabati, amejikunja, uso ndani ya droo ya chini.

"Fundi! Umedondosha sindano?"

"Nakagua," Jeki akajibu bila kuinua kichwa.

"Unakagua nini?"

"Soketi."

"Zinatoroka?"

Jeki hakucheka. Msimamizi akasubiri ainuke wasalimiane, hakuinuka. Mkono wa Msimamizi ukabaki hewani, kisha akajifanya anajikuna shingo. Ndipo mke wa Jeki alipotoka jikoni na kitambaa cha vyombo begani.

"Baba watoto, simu yako inaita huko ndani." Akamshika kwapani kama anayemnong'oneza jambo, akamwinua taratibu mpaka akasimama. Uso wa Jeki ulikuwa na jasho. Ndani ya nyumba hakukuita simu yoyote, na Msimamizi alikuwa na masikio yake mawili mazima.

"Fundi, mimi nakuheshimu," akasema, mzaha umemwisha. "Lakini tajiri, mwenye kiwanda, amesikia maneno ya watu. Anasema magari yake yote yako hapa, na fundi mwenyewe hufunga geti kama mganga. Sasa amenituma. Jumatatu naleta lile gari ambalo staata yake inasumbua kuwasha injini. Nitakaa papa hapa kwenye kiti, niangalie mpaka nati ya mwisho. Nikiridhika, tunaendelea kama zamani. Nisiporidhika, magari yanahamia kwa wale vijana wa barabara kubwa."

"Karibu sana," Jeki akasema. "Mimi sina siri."

"Na wewe mama, siku hiyo utuchemshie chai."

"Nitachemsha, shemeji," mke akasema.

*

Jioni ile Jeki alikula kwa furaha, jambo lililomtia mkewe wasiwasi.

"Nimepata dawa," akasema.

"Ya kiuno?"

"Ya kabati. Tunaliinua. Namwita Mchomaji alitengenezee miguu ya chuma, lipande. Kila chombo nikichukue nimesimama wima kama askari. Atakaa kwenye kiti chake atazame mpaka achoke."

Mkewe akaweka kijiko chini. "Kabati likipanda, na staata itapanda? Ninavyojua mimi staata iko chini ya gari. Au siku hizi wanaifunga juu ya paa?"

"Usinifanyie mzaha, mama watoto."

"Sifanyi. Nauliza."

"Kulala chini naweza. Nikishalala nimelala. Kinachoniua ni huku kuinama na kuinuka, kuinama na kuinuka, kila spana. Nikitoa vyombo nimesimama, nitashuka mara moja na kupanda mara moja."

"Na huko kupanda?"

"Wewe utakuja na chai. Utaninyoshea mkono kama unayenipa kikombe, na mimi hapo hapo nanyanyuka."

Mke akacheka mpaka akajifuta macho. "Mume wangu, akili unayoitumia kujificha, ungeitumia kwenye biashara tungekuwa na ghorofa."

Jeki naye akacheka. Walikuwa watu waliozoea kucheka pamoja. Watoto wao walishaoa na kuolewa, nyumba imebaki na sauti zao wawili. Lakini mke alipomaliza kucheka hakuchukua tena kijiko.

"Mwambie ukweli. Mwambie kichwa ni chako, mikono ni yangu."

"Nimwambie Jeki kaisha?"

"Mwambie Jeki anaumwa. Kwani watu hawaumwi?"

"Fundi wa kiuno kibovu ni sawa na kinyozi kipofu. Nani atampa kichwa chake?"

"Wanavileta hivyo vichwa kila siku, na havijakatwa sikio." Akasogeza sahani pembeni. "Haya, nijibu moja tu, kisha nitanyamaza. Tangu kiuno chako kikatae, fundi wa nyumba hii ni nani?"

Jeki alitazama ndani ya kikombe chake kama mtu aliyeona mdudu. Kisha akainuka kwa kushika meza, akasema anakwenda kuangalia kama geti limefungwa. Geti lilikuwa limefungwa. Alilifunga mwenyewe.

*

Mchomaji alikuja Jumamosi na mashine yake kwenye toroli, miwani myeusi kichwani, mdomo ukitangulia mwili.

"Aisee Jeki, unalipeleka wapi hili, mbinguni?"

"Wewe pima."

"Napima. Simama wima. Usijivune, simama tu kama unavyosimama. Sasa kunja mkono. Hapo kwenye kiwiko chako ndipo inapotakiwa iwe droo unayoishika kuliko zote. Ikiwa juu zaidi, bega linalia. Ikiwa chini, mgongo unalia. Mama, nishikie futi hapo kwenye sakafu, isiteleze."

Mke wa Jeki alikuwa ameshachuchumaa, ameikanyaga ncha ya futi kwa kidole gumba. Mchomaji alimtazama pale chini, akamtazama Jeki kule juu.

"Na mama naye huchukua vitu humu? Hata akisimama, kiwiko chake kinaishia kwenye nyonga yako."

"Mama yuko jikoni," Jeki akasema.

Mama aliyekuwa jikoni akaiachia futi, ikarudi ndani ya kasha lake kwa kishindo.

Mchomaji akakata vyuma vya pembe, akachomelea, cheche zikaruka mpaka kwenye ndoo. Miguu ilitoka mizuri, iliyonyooka, yenye vipande vya kuikaza katikati. Wakalivua kabati droo zake, wakalinyanyua tupu, Mchomaji upande mmoja, mke upande wa pili. Jeki alikuwa akitoa amri. Lilipokaa, Mchomaji alilisukuma kwa kiganja, likatikisika kidogo.

"Sikiliza," akasema, safari hii bila utani. "Kitu kizito juu ya miguu mirefu hakina tofauti na mlevi, kinahitaji ukuta. Tutoboe hapo nyuma tutie bolti mbili. Ila ukuta wako umechoka, itabidi tuzibe na simenti kwanza, ikauke. Nije Jumanne."

"Jumatatu nina mgeni. Nataka kabati langu lifanye kazi Jumatatu."

"Basi mpaka Jumanne vitu vizito vikae chini. Soketi, nyundo, yote chini kabisa. Na usifungue droo mbili kwa pamoja."

"Nimesikia."

Mchomaji alipoondoka, mke akauliza alikuwa anasema nini kule nyuma, kwa kuwa alikuwa ameenda kuteka maji.

"Anasema miguu ni imara," Jeki akajibu. Na kweli, hilo nalo lilikuwa limesemwa.

Kisha wakaanza kurudisha vyombo. Zamani soketi kubwa zilikaa chini na bisibisi juu. Jeki akageuza mpango wote. Soketi alizozihitaji kwa kazi ya Jumatatu akataka ziwe droo ya juu, koleo na spana nene droo ya pili, na huko chini asikotaka kuinamia tena zikawekwa brashi, waya na matambara. Mkewe ndiye aliyebeba. Alikuwa haoni ndani ya droo ya juu. Alipapasa kwa vidole kama mtu anayetafuta chumvi gizani. Mwisho akaenda kuchukua kreti la soda, akapanda juu yake.

"Umeona?" Jeki akasema, akivuta droo na kuirudisha, akivuta na kuirudisha, mgongo umenyooka. "Hata sijainama. Umeona, mama watoto?"

"Nimeona," mkewe akasema kutoka juu ya kreti. Alikuwa hajamwona akifurahi hivyo kwa muda mrefu, akaendelea kupanga soketi.

*

Jumatatu Msimamizi alikuja na gari la mkate, linalonukia ngano hata kwenye magurudumu. Akaliegesha, akaketi kwenye kiti, akapewa chai. Geti likaachwa wazi.

Jeki alianza vizuri. Alisikiliza staata ikigugumia, akatikisa kichwa, akaenda kwenye kabati. Bila kutazama, akavuta droo ya pili, akatoa spana. Akavuta ya juu, akatoa soketi na mpini wake, akairudisha. Ile ya pili hakuirudisha. Ilikuwa tabia yake tangu ujana kuacha droo wazi, na kabati lilipokuwa fupi haikuwa neno.

"Kumbe!" Msimamizi akasema. "Na lile kabati lako la kuabudu?"

"Lile la mtoto. Hili ndilo la mtu mzima."

Msimamizi akacheka na kuvuta chai. Jikoni, mke aliyekuwa akisikiliza mlangoni akashusha pumzi.

Jeki akashusha mwili wake hadi kwenye boksi kwa namna ambayo, kwa asiyejua, ilionekana ni utulivu tu wa mtu mzoefu. Akaingia chini ya gari, miguu ikabaki nje, ikielekea kabati. Akafungua bolti ya kwanza, kisha ya pili. Ya tatu ilikuwa juu, mahali pa kona, na ilitaka mkono unyanyuliwe na kiuno kijipinde. Kikajipinda. Kikakamata.

Alijaribu kujinyosha, kikakataa. Kisha akaita, sauti yake ikijitahidi kuwa ya kawaida, "Mama watoto! Nipatie soketi fupi ya kumi na saba, hiyo ya juu!"

Soketi hakuihitaji. Alichohitaji ni mkewe awe karibu.

Mke akaja, akapanda kwenye kreti. Ile droo ya pili, iliyojaa vyuma, ilikuwa imetoka nje mpaka mwisho, ikimgusa tumboni. Yeye akavuta ya juu.

Kabati likainama, polepole kwanza, kama mzee anayetaka kukuambia siri. Kreti likateleza. Mke akatua kwa miguu yake na kulipokea kabati kwa kifua na mikono yote miwili, droo ya juu ikampiga kwenye taya, soketi zikamiminika zikilia juu ya zege, zikimpiga Jeki kwenye ugoko, zikibingirika mpaka getini.

"Shemeji!" akaita. "Njoo! Miguu ya mume wangu iko hapa chini!"

Kikombe cha chai kikavunjika. Msimamizi akafika na tumbo lake, akasukuma.

"Si hapo! Sukuma juu, huku! Ifunge hiyo droo kwa tumbo. Tumbo, shemeji, tumbo! Sawa. Tena. Sawa."

Kabati likarudi wima. Mke akachukua kamba ya kuvutia magari, akaizungusha mara mbili, akaifunga kwenye nondo za dirisha, akakaza fundo kwa mguu. Yote hayo aliyafanya huku damu ikimtiririka kwenye kidevu.

Chini ya gari Jeki alikuwa akiuliza, "Umeumia? Mama watoto, umeumia?" Hakuweza kutoka kujionea.

Msimamizi akamshika vifundo vya miguu amvute. Jeki akapiga ukelele.

"Usimvute!" mke akasema. "Mgeuze ubavu kwanza, akunje magoti, kisha mlete na boksi lake lote. Taratibu. Ndivyo."

Wakamtoa, akalala ubavu juu ya boksi kama mtoto aliyesinzia sebuleni. Msimamizi alisimama akihema, akamtazama yule mwanamke kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama wakati akipewa maji ya kunawa.

"Hii siyo mara ya kwanza kumgeuza."

Mke akajifuta damu ya kidevuni kwa kiganja.

"Na gari langu? Staata inaning'inia. Mikate ya jioni itabebwa na nini?"

Mke akainama kwa mumewe. "Bolti zimebaki ngapi?"

"Moja. Ile ya kona. Imeuma."

Mke akaingia ndani ya nyumba. Alipotoka alikuwa amefunga kitambaa kidevuni na kuvaa ovaroli. Msimamizi aliiangalia ovaroli ile. Mikono ya vazi hilo ilikuwa imekatwa kwa urefu wa mtu mfupi na kupindwa kwa sindano, na viwiko vilikuwa vimelowa mafuta meusi yasiyopatikana kwa kazi ya siku moja wala ya mwezi mmoja. Mwanamke akaokota soketi aliyoitaka miongoni mwa zile zilizotapakaa, akavuta boksi jingine, akalala chali, akapotea chini ya gari.

"Taa," akasema.

Jeki, palepale alipolala, akanyosha mkono, akaivuta taa kwa waya wake, akaielekeza.

"Kushoto kidogo. Hapo. Usinitie machoni."

Ikasikika bolti ikilalamika, kisha ikikubali. Staata ikatoka. Akaifungua juu ya kifua chake mwenyewe, akamwuliza mumewe neno moja kuhusu brashi za ndani, vile vipande vya kaboni vya kupitisha umeme, akajibiwa neno moja. Msimamizi alitumwa brashi mpya kwenye boksi la dirishani, akazileta. Akatumwa tambara, akalileta. Alipoambiwa azirudishe soketi zilizozagaa, akaanza kuzitia droo ya juu.

"Droo ya chini, shemeji," sauti ikatoka chini ya gari. "Nzito zikae chini."

"Chini," Msimamizi akarudia, akachuchumaa.

Alipomaliza hakurudi kwenye kiti. Alichuchumaa karibu na kichwa cha Jeki, kalamu yake ikamdondoka sikioni, asiiokote.

"Fundi, sina la kukuficha. Tajiri hataniuliza habari ya staata. Ataniuliza kitu kimoja tu: umemwona fundi? Nimwambie nini?"

Jeki alikuwa na majibu tayari. Angeweza kusema mkewe humsaidia mara mojamoja. Angeweza kusema ni leo tu, kiuno kimeteguka leo, kesho kitakuwa kizima. Maneno hayo alishayatumia nafsini mwake mpaka yakalainika. Chini ya gari, mpini wa soketi ukaacha kulia.

"Mwambie umemwona," Jeki akasema, akiendelea kuielekeza taa chini ya gari. "Fundi wa nyumba hii ni mke wangu. Mimi namshikia taa."